Vinara wa Anga la Eksirei: Jedwali Zima kwa Vipimo vya Nduguti

Usiku usio na mbalamwezi, anga la Nduguti, mji wa Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, lina nyota za kutosha kumsimamisha mgeni kutoka Dar es Salaam katikati ya barabara, shingo juu, mdomo wazi. Asidhani ameona mashindano yenyewe. Hizo ni nyota za daraja la pili. Ligi kuu ya anga inachezwa kwa eksirei, ile ile ya chumba cha picha hospitalini, na jicho la binadamu halina tiketi ya kuingia.

Kanuni ya mchezo ni moto. Mkaa ukifika nyuzijoto elfu moja hivi unawaka wekundu. Uso wa Jua, wenye nyuzijoto 5,500, unatoa mwanga mweupe. Fikisha gesi nyuzijoto milioni kadhaa, nayo inaacha shughuli ya mwanga wa kawaida na kuanza kumwaga eksirei. Kwa hiyo karibu kila kinachong'aa kwa eksirei huko juu kiko kwenye balaa fulani: kinaporomoka, kinalipuka, kinamezwa, au kinammeza jirani yake. Bahati yetu ni kwamba angahewa ya Dunia inazinyonya eksirei zote kabla hazijagusa shamba la alizeti hata moja la Mkalama. Anayetaka kuziona lazima apeleke darubini juu ya hewa.

Na wa kwanza kupeleka satelaiti kamili kwa kazi hiyo hawakurushia Florida wala Siberia. Tuanze hapo.

1. Wa kwanza kuliko wote: Uhuru, kilo 143, kutoka Ngomeni

Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, roketi aina ya Scout ilipaa na satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu: kusaka eksirei za angani. Satelaiti ilikuwa ya Wamarekani, jukwaa na warushaji walikuwa Waitaliano, bahari ilikuwa yetu Waswahili. Uzito wake wote, kilo 143. Pikipiki ya bodaboda iliyopakia debe la mahindi inaukaribia uzito huo.

Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru. Msimamizi wa mradi huko NASA, mhandisi Marjorie Townsend, akaona jina limejileta lenyewe, akaiita satelaiti Uhuru. Kwenye uhuru wa nchi sisi tulishawatangulia Wakenya kwa miaka miwili na siku tatu. Kwenye uhuru wa angani wametufunga, tena bao safi.

Kwa nini Ngomeni? Sababu mbili, zote za kujivunia ukiwa mtu wa Ikweta. Kwanza, kwenye Ikweta Dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Treni yetu ya umeme ya SGR, ya Dar es Salaam na Dodoma, yenye kasi ya juu ya kilomita 160 kwa saa, ingehitaji kujizidisha mara kumi ili kuifikia. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki inaondoka na kasi hiyo mfukoni, bila kuchoma hata lita moja ya ziada. Pili, satelaiti inayozunguka juu ya Ikweta inakwepa maeneo ambako chembe zenye nishati kubwa zimenaswa kwenye sumaku ya Dunia, na chembe hizo zikigonga vipimo zinaleta kelele inayofunika eksirei za kweli.

Sasa uchukue hesabu ambayo Nduguti haijawahi kudai haki yake. Uhuru ilizunguka kwa urefu wa kilomita 530 hadi 570 hivi, kiasi cha barabara kutoka Dar es Salaam hadi Manyoni, ila wima. Njia yake haikutoka zaidi ya nyuzi 3 kaskazini au kusini mwa Ikweta. Nduguti iko nyuzi 4 na kitu kusini. Kwa maneno mengine, kila mzunguko wa dakika 96 ulipita karibu kabisa na utosi wa mji, upande wa kaskazini kidogo. Ukiweka na mzunguko wa Dunia yenyewe, inakuwa kama mara 14 kwa siku. Satelaiti ilifanya kazi hadi Machi 1973. Hiyo ni zaidi ya mara 11,000! Hakuna basi, hakuna mbunge, hakuna mgeni wa aina yoyote aliyewahi kupita Nduguti mara nyingi namna hiyo.

Ilichovuna: orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kabla yake vilijulikana makumi machache tu, vilivyookotwa na roketi ndogo zilizopanda na kuanguka ndani ya dakika. Mia tatu thelathini na tisa ni abiria wa mabasi sita makubwa. Kumbuka namba hiyo, itatiwa aibu huko mbele.

2. Anayeng'aa kuliko wote: Sco X-1

Ukiondoa Jua, ambalo liko karibu mno kiasi cha kutostahili kushindana, chanzo king'aavu kuliko vyote vya kudumu katika anga la eksirei kiko kwenye kundi la Nge. Kiligunduliwa kwa ajali iliyo bora kuliko mipango mingi. Tarehe 18 Juni 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi kutoka New Mexico wakitafuta eksirei zinazoakisiwa na Mwezi. Roketi ilikaa juu ya kilomita 80 kwa sekunde 350, chini ya dakika sita. Mwezi haukuonekana kwenye vipimo vyao. Badala yake wakapigwa usoni na kitu kisichojulikana kutoka upande wa Nge. Giacconi huyo huyo ndiye aliyeongoza kazi ya kisayansi ya Uhuru miaka minane baadaye, na mwaka 2002 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Sco X-1 ni nyota ya nyutroni, mzoga mdogo na mzito mno wa nyota iliyokufa, inayomnyonya jirani yake, umbali wa miaka ya nuru 9,000 hivi. Eksirei zake peke yake zina nguvu mara 60,000 ya mwanga wote wa Jua letu. Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000. Basi weka Jua moja kwenye kila kiti, mzunguko wa chini na wa juu, upande wa Simba na upande wa Yanga, uwashe yote kwa pamoja. Hapo ndipo unalingana na kitu kimoja ambacho macho ya Nduguti, mwezi wa Juni kikipita juu ya paa, hayakioni kabisa, kwa sababu kwa mwanga wa kawaida ni hafifu mno.

Taji hilo liliwahi kuporwa. Agosti 1975 satelaiti ya Uingereza iitwayo Ariel 5, nayo ikiwa imerushwa kutoka San Marco tarehe 15 Oktoba 1974, iliona kitu kipya kikiwaka ghafla: A0620-00. Kwa wiki chache kikawa king'aavu kuliko Sco X-1, mara kadhaa, kisha kikafifia miezi iliyofuata na kurudi kimya. Baadaye ikathibitika kuwa ndani yake mna shimo jeusi. Bingwa wa msimu mmoja, lakini alikuwa bingwa.

Wapo watakaosema Sco X-1 anang'aa kwa sababu yuko karibu. Ni kweli. Tukipima nguvu halisi, mkubwa wa nyota za nyutroni ni NGC 5907 ULX-1, iliyotangazwa mwaka 2017 kwa vipimo vya satelaiti ya Ulaya XMM-Newton. Iko umbali wa miaka ya nuru milioni 50, na kwa sekunde moja inatoa nishati ambayo Jua linahitaji miaka mitatu na nusu kuitoa. Mtoto aanze kidato cha kwanza Januari, asome hadi katikati ya kidato cha nne, Jua likimwakia kila siku. Kule ni sekunde moja tu.

3. Mwenye mwaka mfupi kuliko wote

Hapa jina la Uhuru linarudi uwanjani. Vyanzo vilivyomo kwenye toleo la nne la orodha yake vinaitwa kwa herufi 4U, na U hiyo ni ya Uhuru. Wanaastronomia wa dunia nzima, wawe Tokyo au Cambridge, wanaitamka mpaka leo.

4U 1820-30 ni nyota ya nyutroni na mwenzake mdogo wanaozungukana kwa sekunde 685. Dakika kumi na moja na nusu hivi! Huo ndio mwaka wao mzima. Kati yao kuna kama kilomita 130,000, theluthi ya umbali wa kutoka hapa hadi Mwezini. Mtoto akizaliwa huko asubuhi, kesho yake saa ile ile anatimiza miaka 126. Basi la kutoka Singida mjini halijafika Iguguno, tayari abiria wote wameongeza miaka.

Kwa jozi zenye nyota ya nyutroni, hakuna aliyeshuka chini ya hapo. Lakini jedwali la jozi zote lina mbabe mwingine, HM Cancri, aliyegunduliwa kwa eksirei pia: nyota mbili ndogo zilizokwisha kuzimika, zinazungukana kwa dakika 5.4. Kwake siku moja ya Nduguti ni miaka 268.

4. Anayejizungusha kwa kasi kuliko wote

Mwaka 1971 Uhuru iligundua kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: chanzo kinachoitwa Cen X-3 kilikuwa kinapigapiga kama moyo, pigo moja kila sekunde 4.8. Kisha Her X-1, pigo kila sekunde 1.24. Hizo zilikuwa nyota za nyutroni zinazojizungusha, na kila mzunguko ulirusha mwanga wa eksirei upande wetu kama kurunzi ya mlinzi. Wakati ule hiyo ilikuwa kasi ya kushangaza.

Leo hao wawili ni wazee wanaotembea kwa fimbo. Rekodi iko kwa PSR J1748-2446ad, iliyotangazwa mwaka 2006 kwa darubini ya redio: mara 716 kwa sekunde moja. Kwa lugha ya mafundi wa pikipiki ni mizunguko 42,960 kwa dakika. Injini ya bodaboda ikisukumwa mpaka ipige kelele haifiki 10,000. Na hii ni nyota yenye uzito unaolizidi Jua. Uso wake kwenye ikweta unakimbia karibu robo ya kasi ya nuru.

Ligi ya eksirei haikukubali kuachwa nyuma. Mwaka 2024 watafiti waliotumia darubini ya NICER, iliyofungwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga, walitangaza dalili za mizunguko 716 kwa sekunde katika milipuko ya nyota nyingine. Ipi? 4U 1820-30, yule yule wa mwaka wa dakika kumi na moja. Dalili hizo zikithibitika, mtoto wa orodha ya Uhuru atakuwa amefungana kileleni kwa pointi sawa kabisa. Mimi namshangilia, na sijifichi.

5. Aliyejibana kuliko wote

Nyota ya nyutroni ina upana wa kilomita 20 hadi 24. Njia zote za mabasi ya mwendokasi awamu ya kwanza, Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi yake, zina kilomita 20.9. Ndani ya upana huo umesukumiwa uzito kama wa Jua moja na nusu, na Jua peke yake lina uzito mara 330,000 wa Dunia.

Ukikata kipande chenye ukubwa wa donge moja la sukari, utakuwa umebeba tani milioni mia kadhaa. Watu wote wa Tanzania, milioni 61.7 kwa Sensa ya 2022, hawafikii uzito huo hata kwa mbali. Inabidi uwaite watu wote duniani, bilioni nane, wapande mizani kwa pamoja.

6. Shimo jeusi la kwanza kukubalika: Cygnus X-1

Mashimo meusi yalikuwa hesabu za karatasini mpaka Uhuru ilipokitazama chanzo kiitwacho Cygnus X-1 na kukikuta kinapepesa mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Kitu kikubwa hakiwezi kupepesa upesi hivyo, kwa sababu nuru yenyewe inahitaji muda kukivuka kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa hiyo kilikuwa kidogo. Mwaka 1971 Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, kila upande kwa njia yake, wakaonyesha kwamba nyota kubwa ya buluu iliyo pale inazunguka mwenzake asiyeonekana kila baada ya siku 5.6. Mwenzake huyo ni mzito mno kuwa nyota ya nyutroni. Kidogo, kizito, hakionekani: jibu lilibaki moja.

Vipimo vya mwaka 2021 vilimpandisha daraja. Uzito wake sasa ni Majua 21, umbali wake miaka ya nuru 7,200.

Cygnus X-1 anashikilia pia taji la ubishi maarufu. Mwaka 1974 Stephen Hawking aliwekeana dau na Kip Thorne kwamba hilo si shimo jeusi. Hawking mwenyewe aliamini kuwa ni shimo jeusi. Aliweka dau kinyume ili akikosea maishani apate angalau kifuta machozi, usajili wa gazeti kwa miaka minne. Alikubali kushindwa mwaka 1990 na akalipa. Mashabiki wa soka wanaobeti dhidi ya timu yao wenyewe watamwelewa bila maelezo.

7. Mwenye sauti nzito kuliko wote

Uhuru pia ilionyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi ya moto inayong'aa kwa eksirei. Gesi hiyo inafika nyuzijoto makumi ya milioni, na kwenye kundi la Coma inakaribia milioni 100. Kitovu cha Jua ni milioni 15. Ajabu zaidi ni wingi wake: ukikusanya nyota zote za kundi la galaksi, galaksi mia kadhaa au elfu, gesi hiyo inazishinda kwa uzito mara kadhaa. Yaani sehemu kubwa ya mada ya kawaida kwenye vitu vizito kuliko vyote angani haikuwahi kuonekana na darubini yoyote ya mwanga wa kawaida.

Kundi la Perseus, miaka ya nuru milioni 250 kutoka hapa, ndilo linalong'aa kuliko makundi yote kwa eksirei. Mwaka 2003 timu ya Andrew Fabian wa Cambridge ilitangaza kuwa gesi yake ina mawimbi, mawimbi ya sauti, yanayosukumwa na shimo jeusi lililo katikati. Ni noti ya B iliyoshushwa kidogo, oktavu 57 chini ya C ya katikati ya kinanda. Mtetemo mmoja unachukua karibu miaka milioni 10.

Nyayo za Laetoli, ng'ambo ya Ziwa Eyasi kutoka Mkalama, zina miaka milioni 3.6. Tangu wale watu wa kale wakanyage jivu mpaka wewe unasoma hapa, Perseus hajamaliza hata nusu ya pigo moja la ngoma yake. Waimbaji wa besi wote duniani wakae chini.

8. Kofi kali kuliko yote: SGR 1806-20

SGR hii haipiti Dodoma. Ni nyota ya nyutroni yenye sumaku kali kuliko kitu chochote kijulikanacho, ya aina ambayo, ikiwekwa nusu ya njia ya kwenda Mwezini, ingefuta kadi za benki za Dunia nzima. Tarehe 27 Desemba 2004, siku moja baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, ganda lake lilipasuka. Kwa sehemu ya kumi ya sekunde ikatoa nishati nyingi kuliko ambayo Jua hutoa kwa miaka 100,000.

Pango la Mumba, kando ya Eyasi, lina mabaki ya watu walioishi humo zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Jua lote lililowaka tangu enzi zao, mavuno yote na ukame wote, likusanye. Kule lilitoka kabla hujafunga kope.

Mlipuko huo ulitokea umbali wa makumi ya maelfu ya miaka ya nuru, na bado ukatikisa tabaka la juu la angahewa letu na kuzibinya satelaiti nyingi hadi vipimo vyake vikajaa. Kofi kutoka upande mwingine wa galaksi, na shavu la Dunia likalisikia.

9. Vyombo: virefu, laini, vyenye dhahabu

Kioo cha kawaida hakifai kwa eksirei. Zinapenya au kunyonywa. Lazima ziguse kioo kwa kukikwaruza, kwa pembe isiyofika nyuzi moja au zaidi kidogo, ndiyo maana darubini hizi ni ndefu kama mabomba.

Kwa urefu na uzito, taji ni la Chandra. Ilipandishwa tarehe 23 Julai 1999 na Columbia, chombo cha NASA cha kwenda angani na kurudi, chini ya Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kuongoza safari ya aina hiyo. Pamoja na roketi yake ya kusukumia ilikuwa na kilo 22,753, mzigo mzito kuliko wote uliowahi kubebwa na vyombo vile. Mwili wake una mita 13.8, basi kubwa la Singida na Dar lina 12. Njia yake inafika kilomita 139,000 kutoka Duniani. Vioo vyake ni laini kiasi kwamba, nchi ikisawazishwa kwa kipimo hicho, Kilimanjaro yenye mita 5,895 ingebaki na sentimita chache. Na jicho lake lingesoma kibao cha barabarani kutoka kilomita 19.

Kwa dhahabu, anaongoza XMM-Newton, iliyorushwa Desemba mwaka ule ule. Ina vioo 174 vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine, vyote vimepakwa dhahabu, jumla ya mita za mraba zaidi ya 120, karibu robo ya uwanja wa netiboli. Sisi watu wa Singida, wenye Sekenke iliyochimbwa tangu enzi za Wajerumani, tunaruhusiwa kuitazama orodha hii kwa jicho la kitaalamu.

10. Ramani kubwa kuliko zote

Mabasi sita ya Uhuru unayakumbuka? Tarehe 12 Desemba 2019, miaka 49 kamili baada ya urushaji wa Ngomeni, darubini ya Kijerumani eROSITA ilianza kuchora anga zima upya. Miezi sita baadaye raundi ya kwanza ilikuwa imekwisha. Matokeo ya nusu ya anga, nusu ambayo data yake inamilikiwa na Wajerumani, yalitolewa tarehe 31 Januari 2024: vyanzo takribani 900,000.

Laki tisa! Uwanja wa Mkapa uliojaa hadi ngazini, mara kumi na tano. Ni vingi kuliko vyote vilivyogunduliwa kwa miaka 60 iliyotangulia ya sayansi hii. Ndani yake mna mashimo meusi makubwa ya katikati ya galaksi kama 710,000. Wilaya ya Mkalama ina watu robo milioni na ushei. Kila mkazi, mtoto kwa mzee, angegawiwa mashimo meusi mawili, na chenji ingebaki ya kuwapa Iramba.

Ukitaka haki itendeke, linganisha muda na mwili. eROSITA ina darubini saba. Uhuru ilikuwa na vipimo viwili bila kioo chochote, ikijizungusha taratibu mara moja kila dakika 12, na sayansi nzima ilisimama juu ya mabega yake. Kwa ratili moja ya uzito, sioni wa kuishinda.

11. Wa mbali kuliko wote mwaka 2023: UHZ1

Novemba 2023, Chandra na darubini ya James Webb kwa pamoja walimnasa bingwa wa umbali wa wakati huo: shimo jeusi ndani ya galaksi UHZ1. Nuru yake imesafiri miaka bilioni 13.2. Wakati ilipoondoka, ulimwengu wote ulikuwa na miaka milioni 470 tu, asilimia tatu na kitu ya umri wake wa sasa, na shimo lenyewe tayari lilikuwa na uzito wa Majua kati ya milioni 10 na milioni 100. Halikupata muda wa kukua kidogo kidogo. Inaelekea lilizaliwa kubwa, wingu zima la gesi likiporomoka kwa mkupuo.

Chandra peke yake isingeliona. Ilisaidiwa na kundi la galaksi Abell 2744, lililokaa katikati ya njia na kuikuza nuru hiyo kwa mvutano wake kama lenzi.

Kipimo cha nyumbani kipo, nacho kimelala kando ya barabara. Miamba mikubwa ya Singida ni miongoni mwa mawe ya kale sana Afrika, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ilipokuwa bado uji wa moto ikiganda, eksirei za UHZ1 zilikuwa safarini tayari kwa zaidi ya miaka bilioni 10.

12. Waliokosa jukwaa

San Marco yenyewe, kwa uaminifu: roketi 9 za Scout zilipeleka satelaiti kutoka pale kati ya 1967 na 1988, na mbali na Uhuru na Ariel 5 ilikuwemo SAS-3 ya tarehe 7 Mei 1975, msaka eksirei mwingine, na SAS-2 ya 1972, iliyosaka miali ya gama. Hakuna ufuko mwingine wa Afrika wenye rekodi hiyo.

Marjorie Townsend, aliyeipa Uhuru jina lake: mwanamke wa kwanza kuhitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington, mwaka 1951.

Na mlipuko wa tarehe 9 Oktoba 2022, GRB 221009A, mkali kuliko yote ya jamii yake iliyowahi kurekodiwa, wa aina inayokadiriwa kuifikia Dunia mara moja kwa miaka 10,000. Eksirei zake ziligonga vumbi la galaksi yetu na kuchora pete 20 angani, moja nje ya nyingine. Ameachwa nje ya kumi na moja bora kwa sababu wasimamizi wa ligi ya gama wanadai ni mchezaji wao, na kesi bado inaendelea.